Hati za bima za zamani: mali na ramani katika makabati ya viwanda vya Morogoro

Mnunuzi wa godauni la kiwanda kilichofungwa, Kihonda au kwingineko Morogoro, hukabidhiwa funguo, hati ya kiwanja na orodha ya mashine zilizobaki. Kabati la mafaili kwa kawaida halimo katika orodha hiyo. Karatasi zake huchomwa moto, huliwa na mchwa au huishia kwa wauza karanga.

Miongoni mwa karatasi hizo huweza kuwamo hati za bima ya dhima, yaani bima ambayo kiwanda kilikata ili kikimdhuru mtu mwingine au mali yake, kampuni ya bima ilipe fidia. Nchini Marekani, hati za aina hiyo za miaka ya 1950, 1960 na 1970 zimelipia usafishaji wa ardhi na maji yaliyochafuliwa na viwanda, vingine vikiwa vimekwisha kufungwa siku nyingi. Mfanyabiashara wa Morogoro ana haki ya kuuliza: je, na za hapa zina thamani?

Zinayo, lakini mara nyingi si ile ambayo mtu angeitegemea kwanza. Hundi kubwa kutoka kampuni ya bima ni jambo la nadra kwa hati iliyoandikwa kwa shilingi. Hata hivyo hati hiyo inaweza kumwokoa mnunuzi asiingie katika hasara kubwa kuliko bei ya kiwanja chenyewe. Ili kuona kwa nini, ni lazima kuanza na mji wenyewe na maji yake.

VIWANDA CHINI YA MLIMA

Morogoro ni mji wa kazi tangu zamani. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1907, na mashamba ya katani yakatanda tambarare zake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa katika miaka ya 1970, serikali iliuchagua mji huu kuwa moja ya ngome za viwanda vya mashirika ya umma: viatu, ngozi, turubai na nguo.

Kinachokumbukwa zaidi ni kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Uzalishaji wake haukuvuka kiasi cha asilimia 5 ya uwezo huo, na kufikia mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Viwanda vingine vilisuasua kwa kukosa vipuri, umeme na fedha za kigeni. Mwaka 1992 serikali iliunda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, na majengo, mashine na viwanja vikaanza kubadilisha mikono. Kuanzia mwaka 2017 serikali ilichukua hatua ya kurejesha baadhi ya viwanda nchini ambavyo walionunua hawakuviendeleza, na hivyo mali za namna hiyo huweza kurudi sokoni kwa mara ya pili.

Viwanja vya namna hiyo huvutia. Viko kando ya barabara kuu na reli, vina kuta imara na nafasi ya malori kugeuza. Lakini kila kazi huacha alama yake ardhini. Kusindika ngozi hutumia chokaa, chumvi, salfaidi na kromiamu. Viwanda vya nguo hutumia rangi na magadi. Boila huhitaji tangi la mafuta mazito, na karakana humwaga oili chafu. Transfoma nyingi za zamani duniani zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, ambazo hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Hakuna anayeweza kusema kwa kutazama tu kiwanja fulani kina nini. Kinachojulikana ni vitu ambavyo kazi za namna hiyo hutumia, na kwamba wakati viwanda hivyo vinajengwa, maji taka na mabaki ya kemikali hayakuwa yakiangaliwa kwa macho ya leo. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira, NEMC, liliundwa mwaka 1983, na sheria yenye meno zaidi ilikuja mwaka 2004.

Kinachoupa uchafu wa Morogoro uzito wa pekee ni maji. Mto Morogoro hushuka kutoka milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, hupita mjini na kuingia mto Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu. Ruvu ndio mto unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Kinachovuja nyuma ya ukuta wa godauni hakiwi siri ya mwenye godauni milele.

HATI YA 1975 INAVYOLIPA DAI LA LEO

Mtu aliyezoea bima ya gari hushangaa kusikia hati iliyokwisha muda miaka 40 iliyopita inaweza kulipa. Siri iko katika aina ya hati. Ziko hati zinazotazama siku dai lilipoletwa: muda ukiisha, mlango umefungwa. Ziko nyingine zinazotazama siku madhara yalipotokea. Kama madhara yalitokea ndani ya mwaka wa bima, hati hiyo huitika hata kama mdai amejitokeza miaka mingi baadaye. Hati nyingi za zamani za dhima Marekani zilikuwa za aina hii ya pili.

Uchafu wa viwanda unaifaa aina hii. Tangi likivuja kuanzia 1970 hadi 1982, madhara yalitokea kila mwaka kati ya miaka hiyo. Mahakama kadhaa za Marekani zilikubali kwamba hati za miaka yote hiyo zinaweza kuguswa, kila moja kwa kikomo chake. Karatasi kumi na mbili ambazo zilionekana taka zikawa hazina kumi na mbili.

Msukumo wa kuzitafuta ulitoka serikalini. Mwishoni mwa 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria maarufu kwa jina la Superfund, iliyowabebesha wamiliki wa sasa na wa zamani gharama za kusafisha maeneo yenye sumu. Waliodaiwa wakakimbilia makabati yao. Ikazaliwa kazi mpya ya kufukua bima: watu wanaolipwa kutafuta hati zilizopotea kwa kupitia vitabu vya hesabu, hundi za malipo ya bima, barua za madalali na ripoti za wakaguzi. Mwaka 1999 jimbo la Oregon lilitunga sheria ya kuongoza madai ya namna hiyo.

Si wakubwa tu waliofaidika. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo la Indiana iliamua shauri la mwenye kituo cha mafuta, Kiger, ambaye petroli yake ilivuja ardhini. Kampuni yake ya bima ilisema hati hailipii uchafuzi. Mahakama ikaona kwamba maneno ya hati hayakuwa wazi kuwa petroli ni kichafuzi, na utata ukaamuliwa kwa faida ya mwenye bima. Mtu anayemuuzia petroli bima ya kituo cha petroli, kisha anakataa kulipia petroli, alitakiwa kusema hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Upande wa pili wa daftari pia una funzo kwa wenye mitaji midogo. Katika soko la bima la Lloyd's la London, watu binafsi walikuwa wakiweka mali zao zote kuwa dhamana ya bima walizouza. Madai ya asbesto na uchafuzi kutoka Marekani, yakichanganyika na maafa mengine, yalichangia hasara ya karibu pauni bilioni 8 kwa miaka ya 1988 hadi 1992. Wengi walifilisika kwa hati zilizoandikwa kabla wao hawajajiunga. Mwaka 1996 madeni ya zamani yalitengwa katika kampuni iitwayo Equitas, na mwaka 2006 kampuni ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilikubali kuyabeba kwa malipo. Dhima ya zamani, kwa hiyo, ina bei sokoni kama bidhaa nyingine.

NYUMBA MOJA YA BIMA

Kwa jambo moja Tanzania ina nafuu kuliko Marekani. Kule mfukuaji hutafuta kati ya mamia ya kampuni, nyingine zilizokwisha kuungana au kufa. Hapa kwa miaka zaidi ya 30 kulikuwa na mlango mmoja.

Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1967, sambamba na Azimio la Arusha, biashara ya bima Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwake peke yake. Hali hiyo ilidumu hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua soko, na kampuni binafsi za kwanza zikapata leseni mwaka 1998. Kiwanda cha umma kilichokata bima ya dhima Morogoro kati ya miaka hiyo kilikata NIC, na NIC bado ipo.

Hata hati ikiwa imepotea, kulipwa kwa bima huacha nyayo. Mashirika ya umma yalikaguliwa na Shirika la Ukaguzi wa Hesabu Tanzania, TAC, na hesabu za kiwanda kwa kawaida huonyesha malipo ya bima. Waliokopesha, kama Benki ya Rasilimali iliyoanzishwa mwaka 1970, walikuwa na sababu ya kutaka mali iliyowekwa rehani iwe na bima, kwa hiyo nakala huweza kukaa katika faili la mkopo. Kumbukumbu za PSRC, baada ya tume hiyo kumaliza kazi, zilipita katika Shirika Hodhi, na majukumu yake baadaye yakafika Ofisi ya Msajili wa Hazina. Mwenye subira anajua pa kuanzia.

SHILINGI IMEIKULA HATI

Hapo ndipo matumaini huishia kwa wengi. Hati ya bima hulipa hadi kikomo kilichoandikwa, kwa fedha iliyoandikwa. Haipandi pamoja na bei ya sokoni.

Mfano wa hesabu unatosha. Tuseme kiwanda kilikuwa na bima ya dhima yenye kikomo cha shilingi milioni 1 mwaka 1974, wakati dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Kikomo hicho kilikuwa sawa na dola 140,000, fedha ya kutosha kufanya kazi kubwa. Katika sehemu kubwa ya mwaka 2024 dola ilibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 2,500. Shilingi milioni 1 ile ile haifiki dola 400.

Hata kama kiwanda kilikuwa na hati kumi na mbili mfululizo za kiasi hicho, na zote zikakubaliwa, jumla ni shilingi milioni 12, yaani chini ya dola 5,000. Fedha hizo zinaweza kulipia sampuli chache za udongo na maji katika maabara. Haziwezi kuchimba udongo, kuusafirisha na kuuhifadhi mahali salama. Mmarekani mwenye hati ya dola 500,000 ya mwaka 1975 naye ameliwa na mfumuko wa bei, lakini bado ana dola 500,000.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza juu ya hati yoyote ya zamani Afrika Mashariki ni fedha gani imeandikwa, hata kabla ya kuuliza ni ya mwaka gani. Ziko sehemu tatu ambako fedha ngumu inaweza kujitokeza. Ya kwanza ni hati za kabla ya 1967, hasa za mashamba na kampuni zilizosajiliwa Uingereza, ambazo huenda zilikata bima London kwa pauni. Ya pili ni kampuni tanzu za makampuni ya nje: kampuni mama mara nyingine hukata bima moja ya dhima inayofunika matawi yake yote duniani, na hati hiyo haiko Morogoro bali katika makao makuu. Ya tatu ni hati zilizokatwa baada ya soko kufunguliwa mwaka 1998, ambazo baadhi ziliandikwa kwa dola. Asiyeangukia katika moja ya hizo asipoteze fedha za wakili kufukuza shilingi za mwaka 1974.

MANENO YANAYOFUNGA MLANGO

Hata penye fedha ngumu, hati ni lazima isomwe mstari kwa mstari. Kuna vikwazo vitano ambavyo hukutana na karibu kila mdai.

Kwanza ni tofauti ya ghafla na polepole. Kuanzia miaka ya 1970 kampuni za Marekani ziliandika kwamba uchafuzi utalipiwa tu ukiwa wa ghafla na wa ajali, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 zikaufuta karibu wote. Uingereza kizuizi cha uchafuzi wa polepole kilienea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lori la kemikali likipinduka ni ghafla. Bomba likidondosha tone moja moja kwa miaka 10 si ghafla. Hati ya zamani zaidi, kwa hiyo, huweza kuwa bora kuliko mpya, jambo ambalo ni kinyume cha mazoea ya sokoni.

Pili ni neno fidia. Hati zilizofuata mtindo wa Kiingereza hulipa fidia ambayo mwenye bima anawajibika kumlipa mtu aliyedhurika. Mwaka 2006 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la kampuni ya Bartoline, ambayo kiwanda chake kiliungua na kemikali pamoja na povu la kuzimia moto vikaingia katika mifereji ya maji. Gharama ambazo mamlaka ya mazingira ilizidai kwa mujibu wa sheria hazikuhesabiwa kuwa fidia, na bima ya dhima haikuzilipa. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama za Tanzania, lakini husomwa na kuzingatiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina msingi kwamba mchafuzi hulipa, na inatoa mamlaka ya kutolewa amri ya kurejesha mazingira. Anayepewa amri hiyo asidhani moja kwa moja kwamba bima ya dhima itaibeba.

Tatu ni mali ya mwenyewe. Bima ya dhima hulipa madhara kwa wengine, si kwa kiwanja cha mwenye bima. Udongo ulio ndani ya ukuta wake ni mzigo wake. Lakini maji yana hesabu nyingine. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yote nchini ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Sumu ikifika kwenye maji ya ardhini au kwenye Ngerengere, imegusa mali isiyo ya mwenye kiwanda. Katika mashauri ya Marekani hoja ya maji ya ardhini imewasaidia wengi kukivuka kizuizi hiki.

Nne ni kilichonunuliwa. Ubinafsishaji ulikuwa na njia mbili. Mnunuzi aliyenunua hisa alichukua kampuni nzima, na haki zake za bima zikabaki ndani ya kampuni. Aliyenunua kiwanja na mashine tu alipata kiwanja na mashine. Haki ya kudai kwa hati ya mmiliki wa zamani haihami pamoja na funguo, mpaka iwe imehamishwa kwa maandishi.

Tano ni muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971, dai la mkataba lina miaka 6 na dai la madhara lina miaka 3. Siku ya kuanza kuhesabu ndiyo hubishaniwa. Aidha hati nyingi hutaka kampuni ya bima iarifiwe mara mwenye bima anapojua jambo linaloweza kuleta dai. Aliyejua akanyamaza amejifungia mlango mwenyewe.

KAMPUNI IKIONDOKA

Gharama ya kutokuwa na mlipaji imeonekana Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitoa risasi iliyoingia katika udongo, maji na damu za wakazi, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido alilisimamia jambo hilo, na mwaka 2015 akapata tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, ama zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Wajibu uligawanywa kati ya kampuni na taasisi za serikali. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Ilikuwa tayari miaka 10 tangu kiwanda kifungwe. Mtaani watoto walikuwa wamekua na risasi mwilini. Kwa mwekezaji funzo ni hili: mahakama inaweza kutoa hukumu, lakini hukumu huhitaji mfuko wa kuilipa, na kampuni iliyokwisha kuondoka haina mfuko. Kinachobaki ni hazina ya serikali, yaani walipa kodi, na wale wanaoonekana. Kwenye kiwanja cha zamani Morogoro, anayeonekana kwa urahisi kuliko wote ni mtu mwenye funguo.

FAILI LA BIMA KAMA RAMANI

Hapa ndipo hati ya shilingi za 1974 inapopata thamani yake ya pili. Kabla ya kukubali kukata bima ya kiwanda, hasa ya moto, kampuni ya bima hutaka kujua inachofunika. Hujazwa fomu, hutumwa mkaguzi, huchorwa michoro. Faili kamili huweza kuonyesha boila liko wapi, tangi la mafuta limefukiwa upande gani, stoo ya kemikali ina nini na ukuta upi unaitenga na karakana.

Marekani, ramani za kampuni ya Sanborn, iliyoanza mwaka 1867 kuchora miji kwa ajili ya bima ya moto, leo ni miongoni mwa nyaraka za kwanza kufunguliwa na mtaalamu anayechunguza kiwanja cha zamani. Uingereza michoro ya Goad, iliyoanza mwaka 1886, hutumika vivyo hivyo. Waliochora hawakuwa na habari ya mazingira. Walikuwa wanaogopa moto. Lakini kinachoshika moto haraka mara nyingi ndicho kinachochafua ardhi.

Faida yake ni ya fedha taslimu. Kiwanja cha ekari 10 kisichojulikana ni lazima kichimbwe mashimo ya sampuli kila upande. Kiwanja ambacho faili linaonyesha tangi pembeni mwa boila na shimo la maji taka nyuma ya jengo la ngozi, mtaalamu huanzia hapo. Na mnunuzi huingia katika mazungumzo ya bei akiwa na kitu mkononi.

KABLA YA KUTIA SAINI

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kununua au kupanga godauni la zamani, utaratibu si mgumu, na sehemu kubwa haihitaji fedha nyingi.

Kabati la mafaili liandikwe katika mkataba wa mauziano kama sehemu ya mali inayouzwa. Lisisafishwe kabla ya kupitiwa. Kinachotafutwa ni hati za bima, fomu za maombi, ripoti za wakaguzi wa bima, stakabadhi za malipo, barua za madalali na hesabu zilizokaguliwa. Majina ya kampuni zote zilizowahi kukitumia kiwanja yaorodheshwe pamoja na miaka yake, na barua ziandikwe NIC, kwa benki iliyokopesha na kwa Msajili wa Hazina kuuliza kumbukumbu zilizopo.

Muuzaji atakiwe kuhamisha kwa maandishi haki zake zote za madai chini ya hati za zamani. Kwa muuzaji asiyezithamini hati hizo, haki hiyo haina bei, na huo ndio wakati wa kuiomba. Kiwanja kipimwe udongo na maji kabla ya malipo ya mwisho, na sehemu ya bei ishikiliwe na benki au wakili mpaka majibu ya maabara yatoke. Gharama ya kusafisha ikijulikana, ikatwe kwenye bei. Isipojulikana, bei nafuu si nafuu.

Kwa shughuli mpya, mnunuzi aulize kampuni ya bima bila kuona haya: hati hii inalipia uchafuzi wa polepole au wa ghafla tu? Inalipia amri ya kurejesha mazingira? Inatazama siku ya madhara au siku ya dai? Majibu yaandikwe. Hati itakayotolewa mwaka huu itakuwa hati ya zamani baada ya miaka 30, na atakayekuwa na funguo wakati huo atapenda kuikuta kabatini.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na neno lao: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika viwanja vya chini ya Uluguru, bila daftari hata deni huweza kukaa chini ya sakafu bila habari, likimsubiri mnunuzi anayefuata.